Karatasi Hiyo Inamtaka Nani? Hotuba kwa Madereva Kuhusu Notisi za Makosa ya Barabarani

(Niliitoa hotuba hii kwenye mkutano wa madereva na wenye magari. Naiweka yote kama ilivyosemwa, kwa ajili yenu ambao hamkuweza kufika.)

Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, akina mama, vijana, madereva wenzangu wote: itifaki imezingatiwa.

Nilipokuwa naingia, mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni, akanitia bahasha kiganjani. Haijafunguliwa. Imekunjwa mara nne na kona zimeshaanza kulika. Akaniambia, "Mwanangu, hii inatembea na mimi kwenye mkoba wiki ya tatu sasa. Nikiigusa tu moyo unanienda mbio. Ifungue wewe." Nikamwomba tuifungue hapa mbele yenu, mwishoni, bila kumtaja jina, naye akaridhia. Hii hapa, naiweka juu ya meza. Msiisahau.

Niwaulize: wangapi humu ndani wana bahasha ya namna hii nyumbani, chini ya godoro, nyuma ya televisheni, ndani ya dashibodi? Msinyooshe mikono. Nyuso zenu zimeshajibu.

Mimi nimezifungua bahasha hizi kwa miaka 17. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, msimamizi wa magari kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo. Dereva akisimamishwa, karatasi inakuja kwangu. Kamera ikipiga picha, barua inakuja kwangu. Gari likiegeshwa pasipotakiwa, ile karatasi inayochomekwa kwenye wipa, imelowa mvua na wino umetapakaa, nayo inakuja kwangu. Na katika miaka yote hiyo kosa langu kubwa sikulifanya barabarani. Nililifanya mezani, nimekaa kwenye kiti, kalamu mkononi. Nitafika huko.

Jambo nililokuja kulisema ni moja, na nitalizungukia mpaka mnichoke. Kuna karatasi inayodai pesa. Kuna karatasi inayouliza swali. Kuna karatasi inayokutuma ukatengeneze taa. Na kuna karatasi inayokuita mahakamani. Zote zina nembo, zote zina namba ndefu, zote zinatisha sawasawa. Ukizijibu zote kwa namna moja, kuna mojawapo itakuumiza.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Tarehe 28 Januari 1896, pale Paddock Wood, Kent, nchini Uingereza, bwana mmoja aitwaye Walter Arnold alipita na gari lake kwa mwendo wa maili 8 kwa saa. Kiwango kilikuwa maili 2. Askari akadandia baiskeli, akamfukuza maili 5 mpaka akamkamata. Faini: shilingi moja na gharama za kesi. Tazameni kesi ilivyo safi! Askari anamwona dereva, dereva anamwona askari, angalau mmoja wao anahema. Nani atauliza gari lilikuwa mikononi mwa nani?

Leo je? Leo anayekukamata ni kamera juu ya nguzo. Uso wako mara nyingi haiujui. Inajua namba ya gari. Kwa hiyo swali la kwanza kuiuliza karatasi yoyote, kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi, ni hili: unamtaka nani? Gari, au mtu?

Tuanze na ya gari, maana ni nyepesi. Maegesho. Mita ya kwanza ya maegesho ilisimikwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, na tangu hapo gari limepata namna ya kudaiwa hata likiwa limesimama kimya. Karatasi ya maegesho kwa kawaida inalifuata gari na mwenye gari. Katika nchi nyingi haigusi leseni. Ni deni, na deni lina tabia ya kuzaa. Uingereza, kwa mfano, karatasi ya maegesho ya halmashauri ukiilipa ndani ya siku 14 unatoa nusu tu. Ukiipuuza mpaka mwisho wa taratibu zao, inapanda kwa nusu ya kiasi kamili, halafu wakusanya madeni wanakufuata. Hii ndiyo karatasi pekee ambayo nasema bila kigugumizi: kama kweli uliegesha vibaya, lipa mapema ukalale.

Ya pili ni ya ubovu. Taa imekufa, tairi limeisha, kioo kina ufa. Hapa watu wengi wanapoteza pesa bure kwa sababu wanalipa badala ya kutengeneza. Kule California karatasi nyingi za aina hii zinafutika. Unatengeneza, askari au ofisi inayohusika inakagua na kusaini kwamba tatizo limekwisha, unapeleka ushahidi mahakamani kabla ya tarehe na kulipa ada ndogo. Nchi nyingine nazo zina utaratibu unaofanana na huo. Basi tafuta kwenye karatasi kama kuna mahali pa kusaini fundi au mkaguzi. Kama papo, nenda gereji kwanza.

Sasa tuje kwenye kamera. Hapa nataka twende polepole, maana hapa ndipo watu wazima wenye akili zao wanapotumbukia.

Barua ya kamera inakwenda kwa mwenye gari. Lakini mwendo kasi ni kosa la dereva. Kwa hiyo nchi nyingi barua ile ya kwanza inauliza: siku fulani, saa fulani, nani alikuwa anaendesha? Uingereza kwa kawaida barua hiyo inatakiwa imfikie mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14 tangu kosa, naye ana siku 28 za kujibu. Kutokujibu nalo ni kosa, tena linaweza kuwa zito kuliko la mwendo. Nchi nyingine hazihangaiki na swali hilo, zinamtoza mwenye gari moja kwa moja. Ndiyo maana nasema, soma.

Na unapojibu, jibu kweli. Mnamjua Chris Huhne? Alikuwa mbunge wa Ulaya, Mwingereza. Machi 2003 kamera ililinasa gari lake kwenye barabara kuu ya M11, anarudi London kutoka uwanja wa ndege. Leseni yake ilikuwa inakaribia kufungiwa. Mkewe, Vicky Pryce, mchumi anayeheshimika, akaandikwa kwamba ndiye aliyekuwa kwenye usukani, akazibeba pointi tatu za mumewe, yaani zile alama za makosa zinazoandikwa kwenye leseni. Jambo dogo la nyumbani, si ndiyo? Nani atajua?

Na kichekesho chenyewe, mwaka huohuo bwana alikamatwa anaendesha huku anatumia simu, akafungiwa vilevile. Pointi zile tatu hazikumwokoa na chochote.

Miaka ikapita. Bwana akawa waziri. Ndoa ikavunjika, siri ikatoka nje. Februari 2012 akajiuzulu uwaziri, na Machi 2013 yeye na aliyekuwa mkewe wakahukumiwa miezi minane jela kila mmoja. Kwa pointi tatu! Kosa lenyewe la mwendo lingemalizika kwa faini na kupanda basi miezi michache. Kilichowapeleka jela ni jina moja lililoandikwa kwenye fomu. Kupotosha mkondo wa haki si kosa la barabarani tena.

Mnacheka. Mimi sicheki, kwa sababu nami niliwahi kuandika jina lisilo lake, ingawa si kwa hila. Nilikuwa na dereva mmoja, mtu mzima, mpole, ambaye hata honi alikuwa anaipiga kama anaomba radhi. Barua ya kamera ikaja. Nikafungua ratiba ya zamu, nikaona jina lake, nikalijaza, nikalipa kwa hela ya ofisi, nikaweka barua kwenye faili. Dakika nne. Ikaja nyingine, nikafanya hivyo hivyo. Ikaja ya tatu. Siku moja akaniletea barua mezani kwangu, ameishika kwa vidole viwili kama kitu chenye moto: leseni imesimamishwa. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Bosi, kwa nini hukuniuliza? Hii ya pili hata sikuwa zamu." Nikatazama. Kweli. Siku ile walikuwa wamebadilishana zamu na mwenzake, na ratiba ya ukutani haikurekebishwa.

Muda wa kupinga ulikuwa umeshapita. Alikaa nyumbani miezi mitatu, dereva asiye na leseni, kwa sababu msimamizi wake alikuwa na haraka ya kumaliza faili. Tangu siku hiyo hakuna jina nililoandika bila mwenye jina kusimama mbele ya meza yangu na kuiona picha kwa macho yake.

Hapo nimetaja pointi, basi niziseme. Pesa ya faini inauma siku moja. Pointi zinakaa. Uingereza ukifikisha 12 ndani ya miaka mitatu, kwa kawaida unafungiwa. Mwenye leseni changa, ambaye hajatimiza miaka miwili tangu aipate, akifika 6 tu leseni inafutwa na anaanza mtihani upya. Ujerumani daftari lao kuu la pointi liko mji wa Flensburg, na pointi 8 zinaondoa leseni. Ufaransa wamegeuza hesabu: leseni kamili ina pointi 12 na wewe unapunguziwa mpaka unabaki mikono mitupu. Juu ya hapo kampuni za bima nazo zinauliza. Kwa hiyo kwa makosa ya kuendesha, yaani mwendo, taa nyekundu, simu mkononi, usiangalie faini tu. Uliza pointi ngapi. Na uliza kama kuna kozi. Sehemu nyingi kosa dogo la mwendo linaweza kubadilishwa kwa darasa la saa chache, na pointi zisiandikwe. Lakini lazima ukubali kozi kabla ya tarehe yao, na aghalabu huipati tena ukiwa umeipata juzi juzi.

Sasa nije kwenye jambo linalonishangaza kuliko yote. Askari anakusimamisha, anaandika, anakwambia saini hapa. Dereva anagoma! "Sisaini kitu, nikisaini nimekubali kosa." Ugomvi unaanza, watu wanajaa. Ndugu zangu, sehemu nyingi saini ile inathibitisha umepokea karatasi, au unaahidi kufika mahakamani. Haisemi una kosa. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani kukataa kusaini kunaweza kukufanya ukamatwe palepale, kwa kosa ambalo lingeisha kwa karatasi. Isome mistari midogo iliyo juu ya sehemu ya saini, kisha utajua.

Lakini dereva huyohuyo aliyegoma kusaini, akifika nyumbani anachukua simu na kulipa faini ili "aondokane nayo". Na kulipa, sehemu nyingi, ndiko kukiri! Ukishalipa kesi imefungwa, umekubali kosa, pointi zinaandikwa, na mlango wa kujitetea umejifunga. Mnaiona hiyo? Tunaogopa kalamu, hatuogopi pochi.

Na hilo la kulipa lina nyongeza mbili fupi. Ukilipa, lipa kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi, upate risiti. Pesa inayotoka dirishani kwenda mfukoni mwa mtu haifuti kitu, na ni kosa jipya kabisa, la rushwa. Pili, siku hizi kuna ujumbe unaingia kwenye simu: "Una faini haijalipwa, bonyeza hapa kabla ya saa sita usiku." Usibonyeze. Nenda mwenyewe kwenye mfumo wa mamlaka, ingiza namba ya gari au ya notisi, uone kama deni lipo. Wezi wamegundua kwamba dereva mwenye hofu hulipa bila kusoma.

Kuhusu siku, sina hadithi. Kila karatasi ina tarehe mbili, ya kutolewa na ya mwisho. Zungushia duara ya mwisho. Ukihama, badilisha anwani kwenye usajili wa gari, maana barua iliyokwenda nyumba ya zamani, mahali pengi, inahesabiwa umeipata.

Je, kama kosa si lako? Pinga. Lakini pinga kwa ushahidi. Hasira waachie wengine.

Mwaka 2012 mwanafizikia wa California, Dmitri Krioukov, alikuwa ameandikiwa kosa la kutosimama kabisa kwenye alama ya kusimama. Faini dola 400. Akaandika makala yenye milinganyo na michoro, kurasa nne, akimweleza hakimu kwamba askari alikuwa pembeni, umbali fulani, na gari lililosimama na kuondoka haraka, likizibwa kidogo na gari jingine, litaonekana kama halikusimama. Akashinda. Dunia nzima ikashangilia hesabu. Mimi ukiniuliza, hesabu ni mapambo. Moyo wa utetezi wake ni swali ambalo hata asiyemaliza shule anaweza kuliuliza: askari alikuwa amesimama wapi, na kutoka pale angeweza kuona nini? Wewe huna milinganyo, una simu. Siku hiyohiyo rudi ukapige picha. Tawi limefunika kibao? Piga. Mstari umefutika? Piga. Simama alipokuwa askari, piga na hapo.

Na tazama picha yao pia. Niliwahi kupata barua ya gari letu ambalo siku hiyo lilikuwa gereji, injini iko chini. Nikachukua kioo cha kukuzia. Namba ilikuwa ileile isipokuwa herufi moja: B yetu, kwenye picha ilikuwa 8 yenye tope. Na gari la kwenye picha lilikuwa na keria juu ya paa, letu halijawahi kuwa nayo. Nikatuma hati ya gereji, picha ya paa letu, na barua ya mistari mitano. Ikafutwa.

Maana wanaoandika ni binadamu. Polisi wa Ireland walikuwa wakimtafuta Mpolandi mmoja sugu aitwaye Prawo Jazdy. Mwaka 2007 mmoja wao akachunguza, akakuta bwana huyo ana zaidi ya rekodi 50, kila moja na anwani yake, na hakuna siku aliyopatikana. "Prawo jazdy" kwa Kipolandi ni leseni ya kuendesha. Maneno yaliyochapwa juu ya kadi yalikuwa yananakiliwa kama jina la dereva!

Ila nisiwadanganye. Herufi moja ya jina lako ikikosewa, usidhani umepona. Mahakama nyingi hurekebisha makosa madogo ya uandishi na kuendelea. Kinachobeba uzito ni kosa linalogusa tukio: gari silo, mahali sipo, siku siyo, alama haikuonekana.

Wakati mwingine kosa ni lako kweli, lakini adhabu imekosewa. Finland faini za mwendo mkubwa hupigwa kwa kipato. Mwaka 2002 mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya simu ya Nokia, Anssi Vanjoki, alitozwa euro 116,000 kwa pikipiki iliyokwenda kilomita 75 kwa saa mahali pa 50. Rufaa yake ilihusu kipato kilichopigiwa hesabu, kwamba kimeshashuka. Faini ikakatwa ikabaki sehemu ndogo sana. Hata wewe mwenye mshahara wa kawaida unaweza kuomba kulipa kwa awamu, au kueleza hali yako, ilimradi uombe kabla ya tarehe.

Aina ya mwisho nitaipita haraka, kwa sababu haihitaji mimi, inahitaji wakili. Ulevi, kuendesha kwa hatari, kuendesha ukiwa umefungiwa, kugonga na kukimbia. Karatasi hiyo ni wito. Haina "lipa hapa". Usipofika, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata, na siku utakayosimamishwa kwa taa mbovu, mfumo utakutaja.

Haya. Bahasha ya mama.

Naifungua. Karatasi mbili. Tutazame pamoja: nembo, namba ya gari, picha ndogo ya gari jeupe kwa nyuma. Mwendo upo. Sasa nani ananiambia, inadai pesa? ... Haidai. Hakuna kiasi popote. Ni ya kuuliza. "Taja aliyekuwa anaendesha." Mama, wiki tatu moyo unakwenda mbio kwa karatasi ambayo haijakudai hata senti.

Tarehe ya kutolewa ... siku 19 zilizopita. Wanatoa siku 28. Zimebaki tisa.

Mama, siku hiyo gari ulikuwa nalo wewe?

(Mama akajibu kutoka kwenye kiti chake, na ukumbi mzima ukasikia: "Alikuwa nalo kijana wangu. Lakini niandike mimi tu, mwanangu. Mwenzio leseni ndiyo kwanza ana miezi mitano.")

Mwenyekiti, nadhani hapa niishie, chakula cha maneno kimetosha. Mama, njoo tukae hapa pembeni, na umpigie kijana simu aje. Hiyo kalamu irudishe kwanza kwenye mkoba.